Mtumbwi wa Jumamosi

Jambo kwenu wa Kindu, wa Kasuku na wa Mikelenge, jambo kwenu wa Alunguli ng'ambo ya mto, na wewe dereva ambaye gari lako limekwama matopeni siku ya tatu leo na redio ndiyo rafiki pekee uliyebaki naye. Sogeeni karibu. Leo nataka tuzungumze juu ya kanisa, lakini nitaanzia mtoni.

Jumamosi iliyopita niliteremka kivukoni alfajiri. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Lualaba, ukungu ule wa asubuhi unaoficha Alunguli yote, hata mgeni akadhani mbele yake kuna bahari. Wagenya walikuwa wanapandisha samaki wa usiku, wenye mitumbwi wanaita abiria. Mimi nilikuwa navuka kwenda kumjulia hali mjomba wangu. Ndipo wakateremka wamama tisa. Jembe begani, kitenge kimefungwa sawasawa kiunoni, mmoja ana beseni kichwani lenye mchele na vipande vya sabuni, mwingine ana mtoto mgongoni amelala fofofo. Walikuwa wanavumisha wimbo wa kwaya kwa midomo iliyofumbwa, nikajua hawa ni wamama wa kanisa. Nikamgeukia aliyeonekana mkubwa wao.

"Jambo mama. Majembe yote haya, mnaenda kulima kwa nani?"

"Tunaenda ibada, mwanangu."

Nikanyamaza. Ibada siku ya Jumamosi, na majembe? Tukapanda mtumbwi mmoja, na katikati ya mto akanieleza. Ng'ambo yuko bibi mmoja, mjane, analea wajukuu wanne. Mguu wake umevimba miezi miwili sasa, hawezi kusimama shambani, na majani yamekwisha kuupita mpunga wake kwa urefu. Asipopata wa kumpalilia mwezi huu, mwaka huu hatavuna. Nikauliza swali ambalo leo nalionea haya: "Ni wa kanisa lenu?" Akanitazama kama mtu anayetafuta jibu la kumfaa mtoto. "Yeye anasali msikitini," akasema. "Alikuwa anatuuzia mchele sokoni tangu sisi wasichana. Akikupimia, kopo lake lilikuwa linajaa mpaka linamwagika."

Basi tukafika, wao wakashika njia yao na mimi yangu. Lakini lile jibu la kwanza halijaniachia mpaka leo. Tunaenda ibada.

Ndugu zangu, ukimtajia mtoto wa Kindu neno "misioni", anaona majengo ya matofali, mstari wa miembe mikubwa, kengele, na mzungu mwenye kanzu nyeupe. Utume kwake ni jambo lililokuja na meli, likapanda treni, likashuka hapa. Na kwa kuwa lilikuja kutoka mbali, anaamini kwamba litaendelea kuja kutoka mbali, na sisi kazi yetu ni kufungua lango. Nataka niiguse imani hiyo, kwa sababu historia yenyewe inaikataa.

Mwishoni mwa mwaka 1911 watu wawili waliondoka Luebo, kule Kasai, wakaingia msituni kwa miguu kuelekea nchi ya Watetela, upande wa magharibi ya kwetu hapa. Mmoja alikuwa Walter Lambuth, askofu Mmethodisti kutoka Marekani. Mwenzake aliitwa John Wesley Gilbert, mtu mweusi, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, ambaye alisoma mpaka akawa mwalimu wa Kigiriki katika chuo kimoja huko Georgia. Wakatembea majuma kadhaa, na mwanzoni mwa 1912 wakafika kwa chifu Wembo Nyama. Mwaka 1914 Wamethodisti wakarudi wakajenga, na tangu hapo jina la chifu yule likawa jina la misioni ambayo kila Mmethodisti wa Sankuru na Maniema anaijua. Gilbert mwenyewe hakurudi tena.

Historia hiyo huwa inasimuliwa kwa majina hayo mawili, na hapo inakwisha. Lakini hao wawili hawakutembea peke yao. Walikuwa na wapagazi, na walikuwa na Wakristo Wakongo wa kanisa la Luebo, ambao kanisa lao liliwatoa wawasindikize. Wale watu wa Luebo waliacha mashamba yao na jamaa zao, wakaenda kwa watu wenye lugha nyingine. Mtu aliyetumwa na kanisa lake kwenda kwa wasio wake anaitwaje? Anaitwa mtume, hata kama hana kofia ya mkonge wala kitabu chenye picha yake.

Na upande wa mashariki ni vilevile. Waanglikana wa Kongo hawakuletewa Injili na Mwingereza. Waliletewa na Muganda, Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka 1896, akakaa, akapigwa, akafungwa, akarudi tena, akatembea mpaka kwa Wambuti wa msitu wa Ituri. Alipofariki mwaka 1933, husimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, tofauti na desturi ya kwao, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokuwa bado. Nawaomba mfikirie kaburi hilo. Boga iko mbali sana na sisi. Lakini ukifuata upande ule anaoelekea yule mzee, unaingia msituni, na ukizidi kwenda, msitu huo ndio unaokuja kumalizikia huku kwetu. Kanisa lake lilizidi kusogea, likafika Maniema, na mwaka 1997 Kindu ikawa dayosisi ya Kianglikana, chini ya askofu Zacharie Masimango Katanda, ambaye mwaka 2016 alifanywa askofu mkuu wa Kongo nzima. Wamethodisti nao, mwaka 2012, wakaifanya Kindu makao ya askofu wao wa Kongo Mashariki. Wakatoliki walikuwa wametangulia zamani, vikariati mwaka 1956, jimbo mwaka 1959.

Kwa hiyo hapa mjini tuna maaskofu watatu. Mji wenye maaskofu watatu hauwezi tena kusema kwamba unangoja mmisionari. Hakuna anayekuja. Waliotakiwa kuja wamekwisha kuzaliwa humu humu, wengine wako kwenye kwaya.

Sasa niwakumbushe miaka ambayo hatupendi kuikumbuka. Dayosisi ile ya Kianglikana ilikuwa na mwaka mmoja tu vita vilipotufikia. Oktoba 1998 mji ulichukuliwa na waasi wa RCD. Mnajua jinsi ilivyokuwa. Ndani ya mji kulikuwa na bunduki za hawa, nje ya mji bunduki za wanamgambo wa Mai-Mai, na mashamba yetu yako wapi? Yako nje. Treni ikanyamaza miaka. Reli iliyokuwa inatuletea unga na chumvi kutoka kusini ikaota majani. Vilivyoletwa na ndege bei yake ilikuwa ya kumcheka maskini. Mtu aliweza kuwa na franka mkononi na asipate sabuni.

Na wamama walikwenda shambani hata hivyo. Watoto hawali siasa. Walikwenda, na wengi wao walibakwa huko, na watu wa kila upande waliobeba silaha. Nalisema neno hili redioni bila kulifunika kitambaa, kwa sababu lilifunikwa miaka mingi na kulifunika hakukumsaidia mama hata mmoja.

Wengine walirudi na jeraha ambalo madaktari wanaliita fistula. Ni tundu linalotokea ndani, kati ya njia ya uzazi na kibofu, au na utumbo, kwa kubakwa kikatili au kwa uchungu wa kuzaa uliokaa siku mbili tatu bila msaada. Mkojo hautulii tena, unateremka wenyewe mchana na usiku. Mama anajifunga vitambaa, anafua, anajifunga tena, na harufu haiondoki. Mume anaondoka. Marafiki wanapunguza kuja. Na Jumapili, hili ndilo linaloniuma, mama anaacha kwenda kanisani. Anaona watu wakisogea kwenye benchi. Jumapili ya kwanza nafasi yake iko wazi. Ya pili iko wazi. Ya tatu mtu mwingine amekaa hapo, na ibada inaendelea, nyimbo ni nzuri, mahubiri yana moto.

Nakwambia, mchungaji, nakwambia, padri, kwa heshima yote: huduma ya kanisa inaanza pale mtu anapouliza yule mama wa benchi la nne yuko wapi. Ukitaka kujua kwa nini maaskofu Wakatoliki wa Kongo mwaka 1961 waliamua kwamba Wakristo wakusanyike katika jumuiya ndogo za ujirani, zile tunazoziita mashirika, jibu ni hilo. Parokia yenye watu elfu haiwezi kujua nani hakuja. Shirika la nyumba kumi na tano linajua. Linajua hata sufuria ya nani haijawekwa motoni tangu juzi. Shirika likifa likabaki la kusali rozari na kukusanya mchango wa kumpokea askofu, basi parokia imepofuka macho.

Wapo walioamka wakauliza. HEAL Africa, iliyoanzishwa Goma na daktari Jo Lusi na mke wake Lyn, ilileta kazi yake mpaka Maniema. Kamati zao zilizoitwa za Nehemia, kwa jina la yule aliyejenga upya kuta za mji wake, ziliwakalisha pamoja viongozi wa dini mbalimbali wa mahali, ili wao wenyewe waseme nani ameumia na nani ampokee. Lyn Lusi amekwisha kulala, tangu mwaka 2012. Na hapa hapa mjini Wamethodisti wana Kituo cha Mama Lynn, ambako wanawake waliotendewa ukatili huo wanapokelewa, wanakaa, wanajifunza kushona na kulima, wanapata tena kitu cha kushika mkononi. Mama akishona gauni la kwanza akaliuza, anarudi nyumbani kwa njia tofauti na ile aliyokuja nayo. Anarudi akiwa na bei ya kujitajia.

Niongeze la jirani zetu wa Bukavu, maana linatufaa. Hospitali ya Panzi, inayojulikana duniani kote, ni hospitali ya kanisa, Wapentekoste wa CEPAC. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto akifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakatoka. Njiani mtoto akauliza kwa nini baba hakumpa yule mgonjwa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Hapo ndipo kijana alipoamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Napenda kwamba hakusema ataacha kuomba. Alichokataa ni kuondoka mle ndani mikono mitupu. Panzi ilifunguliwa mwaka 1999 ili kuwazalisha wamama salama, na mgonjwa wa kwanza aliyeingia alikuwa mama aliyebakwa. Kazi waliyoipanga ikageuzwa na mtu aliyekuja mlangoni, na wao wakakubali kugeuzwa.

Hapo ndipo makanisa mengi yanashindwa. Tunapanga huduma ofisini, tunaiandika kwenye karatasi, halafu tunatafuta maskini anayelingana na karatasi.

Nisimulie jambo nililoliona kwa macho yangu, na kanisa lenyewe silitaji. Walikuwa wamepata msaada wa kuwagawia wajane mchele. Jambo jema. Wajane wakaitwa, wakapangwa mstari juani. Kila mmoja akiitwa anakuja mbele, anashikishwa mfuko, anapigwa picha na wakubwa wa kanisa pande mbili. Bibi mmoja, mzee kabisa, alishika mfuko wake, akapigwa picha, akaanza kuondoka pole pole. Wakamwita. Picha haikutoka vizuri. Akarudi. Wakamwambia ainue mfuko kidogo, acheke. Yule bibi hakuwa na nguvu za kuinua. Kijana mmoja akaja nyuma yake akamsaidia kuinua, akiinama asionekane. Na bibi akacheka, kwa sababu ameambiwa.

Mchele ule uliliwa ukaisha. Lakini mimi nimeishi na kile kicheko miaka. Mama yule alizaa watoto katika mji huu, alilima, aliuza, alizika mume. Alikuwa na jina lake mtaani, watu walikuwa wanamwamkia. Tulimchukulia hivyo vyote kwa kilo chache za mchele.

Mfadhili anahitaji kujua fedha yake imekwenda wapi, naelewa, na ni haki yake. Hesabu iandikwe, watu watie sahihi, aje aone mwenyewe. Ila yapo mambo ambayo uso wa mjane haupaswi kuyalipia.

Na wale wamama tisa wa mtumbwini hawakuwa na mfadhili. Huu ndio moyo wa mazungumzo yangu leo, kwa hiyo mnivumilie. Niliuliza mchele na sabuni vimetoka wapi. Kumbe wana likelemba yao. Kila juma kila mmoja anatoa kidogo, zamu ikizunguka mmoja anachukua yote. Lakini kwenye mzunguko wao wameweka jina moja la ziada. Ni kumi, ilhali wao ni tisa. Zamu ya jina la kumi ikifika, fedha inakwenda kwa mtu wa nje ambaye wamekubaliana. Hakuna bango wala muhuri. Ni likelemba ile ile ambayo kila mama wa Kindu anaijua tangu kwa bibi yake, ila imeongezewa kiti.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka salongo. Wakati wa Mobutu, Jumamosi watu walitolewa kwenda kufyeka na kuzibua mitaro, na usipotoka unatozwa faini. Kazi yenyewe ilikuwa ya manufaa, lakini tuliifanya kwa uso wa kununa, jembe linagusa ardhi kama linaiomba radhi. Serikali ile ilipoondoka, mitaro ikaziba. Nikiwaangalia wamama wale wanavyoshuka na majembe yao Jumamosi ile ile, bila mkubwa wa kuwahesabu, naona kwamba mkono ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeita.

Hapa najua kuna mwalimu mmoja ananisikiliza anataka kunikatiza. Anataka kusema: na serikali je? Kanisa likilima, likitibu, likifundisha, serikali itafanya nini? Una haki, mwalimu. Tuna mfano wake mkubwa katika nchi yetu. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilichukua shule zote za makanisa. Miaka mitatu tu baadaye, 1977, ikasaini mkataba kuyarudishia makanisa kuziendesha, kwa kuwa mzigo ulikuwa umeishinda. Tangu hapo mwalimu wa shule ya kanisa analipwa na serikali, au tuseme anangoja kulipwa na serikali, na wazazi ndio waliobeba tofauti kwa mifuko yao, mpaka masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Kanisa lilisaidia, ndiyo. Lakini pia lilizoea, na serikali ikazoea zaidi. Kwa hiyo mimi nasema kanisa lifanye mambo mawili kwa sauti moja: limpalilie bibi shamba lake, na Jumatatu liende kuuliza kwa mkubwa wa afya kwa nini kituo cha ng'ambo hakina dawa ya mguu uliovimba. Asiyepalilia hana uso wa kuuliza. Lakini anayepalilia asiogope kuuliza.

Turudi kwenye swali langu la aibu. Ni wa kanisa lenu?

Katika Kongo yote hakuna mkoa wenye Waislamu wengi kama Maniema. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na Kiswahili hiki ninachowasemesha kilikuja na misafara ya wafanyabiashara kama yeye, pamoja na uchungu wake wote wa watumwa. Leo hii katika familia moja ya Kindu utakuta Hassani na Joseph, ndugu wa tumbo moja. Matanga tunalia pamoja. Idi tunakula pamoja, Noeli tunakula pamoja. Lakini inapofika wakati wa msaada, ghafula tunakuwa na daftari. Huyu ni wetu, huyu siye. Na wengine wanafanya jambo baya zaidi: wanampa asiye wao, halafu wanangoja. Jumapili hajaja? Ya pili hajaja? Basi mchele umepotea. Ndugu, hiyo ni ndoano, na binadamu si samaki.

Wakristo wenzangu, mnakumbuka ugomvi wa kwanza uliotokea katika kanisa la mitume? Usome tena katika Matendo, sura ya sita. Hawakugombana juu ya mafundisho. Waligombana juu ya chakula cha wajane. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, wajane wa lugha ya wenyeji wanapata. Na mitume walifanya nini? Waliitisha mkutano, mkutano ukachagua watu saba wa kusimamia jambo hilo, na mmoja wao ni Stefano, ambaye baadaye alikufa shahidi. Naomba tuone uzito wake: kazi ya kugawa chakula kwa haki ilitafutiwa watu waliojaa Roho, na mmoja wao akawa shahidi wa kwanza. Sisi tunampa nani kazi hiyo? Mara nyingi tunampa yule ambaye hana la kufanya.

Na wa lugha nyingine hapa kwetu leo wapo. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu walitawanyika kila upande, na wengine wakaingia kwetu Maniema. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine na watoto wasio wao waliowaokota njiani. Unawasikia sokoni kwa matamshi yao. Wanauliza bei mara mbili kwa sababu wanaogopa kudanganywa, na wakati mwingine kweli wanadanganywa. Mfuasi wa kanisa anayempandishia mkimbizi bei ya makaa Ijumaa, Jumapili anaimba nini?

Nina ombi moja kwa viongozi wa makanisa ya mji huu, yote, yale ya mawe na yale ya mabati, yale ya zamani na yale yaliyofunguliwa mwezi jana yenye spika zinazosikika mpaka ng'ambo. Kila Jumapili mnasoma matangazo. Mnasema sadaka ya juma lililopita ilikuwa franka kadhaa. Vizuri, uwazi ni mzuri. Ongezeni mstari mmoja. Semeni: na zilizotoka nje ya mlango huu kwenda kwa asiye wetu ni kadhaa. Kama ni sifuri, msome sifuri. Watu wasikie hiyo sifuri ikisomwa kwa sauti Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nawajua watu wa Kindu. Ya nne haitasomwa sifuri. Mama mmoja atasimama na kopo la mchele.

Kuna jambo jingine mama yule aliniambia tulipokuwa tunakaribia kushuka, na nusura nilisahau. Nilimuuliza kama wanahubiri wakifika kwa yule bibi. Akasema mara ya kwanza walifikiri waombe kabla ya kulima, lakini wakaona bibi ametandika mkeka wake, anajiandaa kwa sala yake, naye hawezi kupiga magoti kwa sababu ya mguu. Wakamsaidia kukaa. Wakangoja amalize. Halafu wakaenda shambani. Na walipokuwa wanarudi jioni, bibi alikuwa amewapikia sombe kwa mawese, chungu kizima, kwa mguu ule ule. Walikula wote tisa. Hakuna aliyekataa, na mama akasema kula kule kulikuwa kugumu kuliko kulima, kwa sababu walijua alichobakiza nyumbani ni kidogo. Lakini wangekataa wangemfanya maskini.

Muda wangu unakwisha, fundi wa mitambo ananionyesha vidole. Nimalize na tangazo, na hili ni tangazo la kweli.

Shamba la yule bibi limepaliliwa nusu. Jumamosi hii wamama wanarudi kumalizia, na safari hii watapitia pia kwa familia mbili zilizotoka Kivu, ambazo zimepewa kipande cha ardhi lakini hazina jembe. Wamama wameshapata vichwa vya majembe vitano. Wanatafuta mipini. Mwenye mti mgumu uani kwake, mwenye mpini wa zamani usiotumika, aulete mtoni. Wanaume hamkatazwi. Pia bibi anahitaji mtu wa kumbeba mpaka kwenye kituo cha afya, na wanne wenye mabega wangetosha. Mtumbwi unaondoka ukungu ukianza kuachia maji, na mwenye mtumbwi amesema aliyebeba jembe havuki kwa fedha.